Cha Juu cha Mama Jack

Mambo yote yaliharibika Jumanne ya tarehe kumi na nane Februari, asubuhi, Mtaa wa Kongo ukiwa umeshajaa na jua limeshaanza kuchoma visogo vya watu. Mwanamke mmoja wa Kilwa, jina lake Kijakazi, alishuka kwenye bajaji na furushi la kanga, hakumsalimia mtu, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ngazi za lililokuwa duka la vitambaa la mzee Shashikant, akalitupa lile furushi miguuni kwa Agnesi.

"Haya, Mama Jack," akasema. "Niambie tena kama ulivyoniambia safari ile, ila leo uniambie mbele za watu. Unakula cha juu, huli?"

"Sili," akasema Agnesi. "Kwanza karibu, dada. Kaa upate maji."

"Maji yako sitaki."

Kwa asiyeijua Kariakoo, winga ni mtu anayesimama njiani, anamdaka mteja, anampeleka dukani. Mwenye duka akitaja bei, ndani ya ile bei kuna cha winga. Mteja haambiwi. Analipa, anashukuru, anaondoka, na winga anarudi baadaye kuchukua chake. Hicho ndicho cha juu. Wakubwa wa soko wanajua, wakubwa wa wakubwa wanajua, na hakuna anayejisumbua, kwa sababu anayeliwa ni mama wa mkoani ambaye hana mtu wa kumpigia simu.

Agnesi alianza kazi hiyo mzee Shashikant alipofariki na duka likafungwa. Alikuwa amepima vitambaa kwake tangu usichana, na alijikuta nje na mkasi wake mkononi. Akasema atakuwa winga, ila wa namna nyingine: ujira wake atautaja wazi njiani, kabla ya duka la kwanza, na atalipwa jioni mzigo ukishapanda gari. Dukani hatachukua kitu. Watu walicheka. Wakacheka tena Leticia alipojiunga naye, aliyekuwa akitandika vitanda hotelini mpaka hoteli ikauzwa, na Vicky, mwalimu wa chekechea kwenye shule iliyokuwa inalipa mishahara kwa ahadi. Sasa walikuwa wanawake wengi kidogo, wenye vizibao vya rangi ya chungwa walivyoshona wenyewe. Walimpokea mama wa Tunduru akiwa hajalala, wakamwonyesha choo kisafi, wakamshikia mtoto wakati anachagua mzigo, wakamfukuzia vibaka. Wamama wa mikoani walipeana namba zao kama watu wanaopeana dawa.

Kijakazi akafungua furushi. "Kanga hizi nilizinunua kwa Mangi, wewe umesimama pembeni yangu. Wiki iliyofuata binti wa jirani yangu kaja Dar kivyake, hana winga, hana nani. Kaingia duka lile lile, kanga zile zile. Kila doti kauziwa pungufu kwa elfu nzima. Elfu nzima, Mama Jack."

"Bei zinabadilika, dada. Mzigo ukiingia mpya..."

"Mzigo haukuingia mpya. Binti kauliza." Kijakazi hakupaza sauti, na hilo ndilo lililofanya watu wasogee. "Ile haikuwa pesa yangu. Ya kikundi. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina. Wamenivua. Wananiambia nimepandisha bei nikatia kibindoni. Nimewaambia hapana, mimi nina mtu wangu Kariakoo, mkweli. Wakacheka kweli kweli."

Agnesi aliwageukia watu. "Kama nimekula hata senti yako, mwanangu Jacqueline asimalize chuo."

Hakupaswa kumtaja mtoto. Alilijua hilo neno lilipokuwa bado mdomoni, lakini lilikuwa limeshatoka. Akatoa kwenye pochi ule ujira aliolipwa safari ile, akamnyooshea. Kijakazi aliuangalia kama anaangalia kitu kilichookotwa.

"Baki nayo. Nimekuja kufuata jina langu."

Isidori, mwenyekiti wa chama cha mawinga, alikuwa amesimama ng'ambo anakula muhogo wa kuchoma. Hakukosekana palipo na msiba wa mwenzake. "Sisi tulisema," akawaambia waliokuwa karibu. "Hakuna winga anayeishi kwa ujira wa wazi. Hata malaika angeshuka Kariakoo angeweka kidogo." Kisha akamgeukia Agnesi kwa upole. "Usijali, mama. Jumamosi si tunaonana Mnazi Mmoja? Utaeleza huko."

Hiyo Jumamosi ndiyo iliyokuwa roho ya mambo. Ofisi iliyokuwa inasimamia wafanyabiashara wadogo ilikuwa imewazungusha wanawake wale mwaka mzima, leo njoo kesho, kesho mhusika yuko semina. Mwishowe bwana mmoja wa ofisi akatamka: watakutana Mnazi Mmoja, wamchague mwenyekiti wao, na kama ni mtu safi watapewa vitambulisho na sehemu yao ya kupokelea wageni. Kama kuna doa, watawekwa chini ya chama cha Isidori, wamlipe kila wiki, wafanye kazi kwa taratibu zake. Taratibu za Isidori kila mtu alizijua.

"Nitakuwepo hiyo Jumamosi," akasema Kijakazi, akifunga furushi. "Nina shangazi Buguruni. Nitalala kwake."

*

Agnesi na mumewe Elisaria walipanga vyumba viwili vya uani Mtaa wa Sikukuu. Jioni ile alimkuta Elisaria amepika wali na ameununulia nyama, sauti ya redio iko chini. Zamani alikuwa mtunza stoo wa kampuni ya umma, mpaka wakubwa walipoigawana kampuni na kuwapa wafanyakazi barua za shukrani. Miaka mingi akakaa kijiweni anacheza drafti. Lakini tangu mwaka jana alikuwa anarudi na mfuko Ijumaa: nyama, sabuni, siku nyingine bahasha ya ada ya Jacqueline, anaiweka mezani bila kusema kitu. Akiulizwa, anasema ni dili za bandarini, kuna jamaa anamsaidia kutoa mizigo.

Agnesi hakuwahi kumwona huyo jamaa. Alichoona ni shati linalopigwa pasi kila Ijumaa. Alishawaza mwanamke. Aliwaza tajiri fulani mwenye biashara ya magendo. Lakini mwanaume aliyekaa muda mrefu mikono mitupu, siku akirudi na mfuko, mke haanzi kuuchungulia mfuko. Alikula nyama akanyamaza.

Akamsimulia ya Kijakazi. Elisaria aliacha kutafuna.

"Kwa Mangi?" akauliza. "Mangi yupi?"

"Mangi yupi tena? Elibariki. Ndugu yako."

"Watu wa kule kusini wana maneno. Achana naye."

"Sio maneno. Ana binti shahidi."

"Basi mwache aseme. Wewe hujala." Alisukuma sahani mbele. "Ila na mimi nakuambia, haya mambo ya uenyekiti yaache. Ingia kwa Isidori. Utapata chako, utarudi nyumbani mapema. Unataka kuwa mbunge?"

"Leo umekuwa upande wa Isidori?"

"Niko upande wa nyumba yangu."

Agnesi alimtazama. Mwanaume aliyekuwa akimtukana Isidori kila jioni, akimwita kupe, leo anamtetea. Na nyama aliyoinunua mwenyewe imepoa mbele yake.

*

Kesho yake alikwenda Upanga kwa Mama Tejas, yaani Shobhana, mjane wa mzee Shashikant. Shobhana ndiye aliyewaruhusu wakae kwenye ngazi za duka bure, na ile nguo ya vizibao ilitoka kwenye mabaki ya stoo yake. Watu walisema Mhindi hatoi bure, lazima kuna kitu. Agnesi naye, usiku mwingine, aliwahi kujiuliza ni kitu gani.

Aliyemfungulia mlango ni Tejas, kijana mrefu anayemwita Agnesi anti tangu akiwa na bukta.

"Shikamoo anti."

"Marahaba, baba."

"Anti, nimesikia maneno sokoni. Mimi nina mpangaji anautaka ule mlango wa dukani, nilimkatalia kwa ajili ya mama. Sasa watu wakisema pale pana wizi..." Alipisha njia.

Shobhana alikuwa barazani anachambua dengu. Akamsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Wewe ulimwambia Mangi asiongeze?"

"Siku ya kwanza kabisa. Akasema sawa shemeji, nimeelewa."

"Na akaitikia kabisa?"

"Akacheka, akasema nimeelewa."

Shobhana akatikisa kichwa. "Agnesi, wewe dukani kwetu ulikuwa na mita na mkasi. Bei ilikuwa mdomoni kwa Mzee. Mimi nilikaa kwenye kile kiti cha pesa, niliona. Mzee alikuwa na bei mbili. Akiona winga mlangoni, ulimi unaongeza wenyewe, hata hafikirii. Kuna winga mmoja aliokoka, akasema mimi sichukui tena. Mzee akasema vizuri sana, bwana asifiwe. Akaendelea kuongeza."

"Kwa nini?"

"Anasema leo kaokoka, mwezi ujao atakuja kudai. Nikimwambia sikuweka, atapeleka wateja duka la pili."

"Na hiyo pesa ikaenda wapi?"

"Kwenye kopo. Sikukuu ikifika akampelekea mke wake yule winga. Mimi nikasema rudisha kwa mteja. Mzee akasema mteja gani, mteja yuko Singida." Akapuliza maganda ya dengu. "Hiyo ilikaa hapa moyoni. Ndiyo maana nilikupa ngazi. Sasa nenda kamuulize Mangi kopo lake liko wapi."

*

Duka la Elibariki lilikuwa Mtaa wa Narung'ombe, limejaa mpaka darini. Watu wote walimwita Mangi, kama wanavyowaita wenye maduka waliotoka Kilimanjaro. Alikuwa mtoto wa baba mdogo wake Elisaria. Alimwona Agnesi akainuka, akapangusa kiti kwa kiganja.

"Shemeji, karibu. Mpeni soda."

"Soda sitaki. Shemeji, wateja ninaokuletea, unawawekea cha juu?"

Mangi alitazama nje, akatazama ndani, akashusha sauti. "Kimepungua?"

"Unakiweka?"

"Naweka kama kawaida. Sijakudhulumu hata senti. Ukitaka niape, naapa."

"Nilikwambia usiweke."

"Ulisema mbele ya mteja." Mangi alitabasamu, tabasamu la mtu anayemkumbusha mwenzake siri yao. "Mawinga wote wanasema mbele ya mteja. Nikaona shemeji ni mjanja. Halafu nawe, mwezi mzima hukuja kuchukua. Nikawaza, ni kweli, mke wa kaka atapangaje foleni na wale vijana nyuma ya duka, anapokea noti kama winga wa mtaani? Sio heshima. Nikamtafuta mwenye nyumba."

Agnesi hakuketi. Feni ilikuwa inazunguka juu ya majora ya vitenge, na ncha za vitambaa zilikuwa zinapepea zote pamoja.

"Unampa Elisaria?"

"Kila Ijumaa. Anakuja amependeza, anakunywa soda, tunaongea habari za nyumbani. Sio mtu wa tamaa, kaka. Hahesabu hata." Kisha sura yake ikabadilika taratibu. "Shemeji. Kwani hakukwambia?"

*

Elisaria alikuwa mlangoni anamwagia maji mchicha aliouotesha kwenye ndoo za rangi. Alipomwona anavyotembea, aliweka kopo chini.

"Nimetoka kwa Mangi," akasema Agnesi.

"Tuingie ndani."

"Wapangaji wameshajua. Hapa uani nani asiyejua, isipokuwa mimi?"

Wakaingia. Elisaria akakaa kitandani, magoti pamoja, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Nilidhani unajua," akasema.

"Nijue nini?"

"Mara ya kwanza Elibariki aliponiita, akaniwekea pesa mkononi, akasema hii ya shemeji. Nikadhani wewe umemtuma. Nikasema mke wangu ana akili. Hataki kunipa mkononi kama anampa mtoto pesa ya maandazi, anaipitisha kwa ndugu yangu ili nionekane ninaleta kitu. Nikakushukuru moyoni, Agnesi. Kila Ijumaa nilikushukuru."

"Nawe unaniambia dili za bandarini."

"Si ndivyo ulivyotaka? Nikawaza tunaelewana. Wewe huulizi, mimi sisemi. Hukuuliza hata siku moja."

"Nilidhani una mwanamke."

"Ningekuwa na mwanamke ningeleta nyama hapa?"

Pengine walitaka kucheka wote wawili, kwa sababu kila mmoja alitazama pembeni. Huenda Elisaria alisema kweli. Huenda ndivyo alivyowaza Ijumaa ya kwanza, na Ijumaa zilizofuata akaendelea kuwaza hivyo kwa sababu ilimpendeza. Mtu aliyekaa na njaa ya heshima anaamini haraka. Agnesi alimpekua usoni akitafuta mahali uongo unapoanzia, hakupaona, na hilo likamwogopesha kuliko kama angepaona.

"Nimekula kiapo kwa mtoto," akasema. "Nimesimama mtaani nimesema Jack asimalize chuo. Na ada yake ndiyo hiyo hiyo."

Elisaria alifunika uso kwa viganja. Akasema ndani ya viganja, "Utasema?"

"Wewe unataka nisemeje?"

"Sema Mangi aliiba. Atabeba. Ana mabega, ana duka. Nitaongea naye usiku huu. Watu watamsema wiki mbili, basi. Mimi watanisema mpaka nazikwa." Akatoa viganja. "Wale jamaa wa kijiweni, unajua watakavyoniita?"

"Na yule mama wa Kilwa wanamwitaje huko kwao?"

Nje, mpangaji mmoja aliacha kufua, ili asikie vizuri.

*

Ijumaa Elisaria hakwenda kwa Mangi. Shati lilibaki kwenye kamba. Alasiri Isidori akaja pale ngazini, akatandika gazeti, akakaa karibu na Agnesi kama ndugu.

"Mzee wa nyumbani hajambo?" akauliza. "Leo sijamwona kwa Mangi. Anaumwa?"

Agnesi aligeuka pole pole. "Kumbe unamwona?"

"Mimi ni mwenyekiti. Ijumaa nazunguka madukani, naona wengi." Akachokonoa jino. "Mama Jack, tusiumizane. Kesho simama useme mmeamua kuungana na chama. Nitakupa umakamu, upande wa akina mama. Yule wa Kilwa nitamwita pembeni, tutampoza na kitu kidogo. Ofisi wanataka utulivu tu, yule bwana mwenyewe ni mtu wetu. Mzee wako ataendelea kupendeza Ijumaa."

"Na nisiposema?"

"Mtu ataniuliza, nami sijafundishwa kudanganya."

Alipoondoka, Leticia na Vicky walisogea. Hawakuuliza Isidori ametaka nini. Walikaa ngazi ya chini yake badala ya kukaa naye, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya, na Vicky akawa anazungusha pete kidoleni.

"Mama Jack," akasema Leticia mwishoni, "sisi tumekufuata wewe. Mimi mume wangu alisema hii ni kazi ya utapeli, nikamwambia kuna mama mmoja mkweli. Kama kuna kitu, tuambie leo. Tusikisikie kesho."

"Kesho nitasema mbele ya wote."

"Kwa hiyo kipo."

Agnesi alivua kizibao, akakikunja, akakiweka magotini. Leticia alikitazama kile kizibao.

*

Mnazi Mmoja waliletewa viti vya plastiki na turubai moja, na wenyewe wakachangishwa kukodi. Bwana wa ofisi alichelewa mpaka jua likatembea kutoka migongoni hadi usoni. Alipofika alikuwa na chupa ya maji baridi ya peke yake, akaomba radhi, akasema kulikuwa na kikao. Wakubwa hawa huwa wanatoka kwenye kikao na wanakwenda kwenye kikao. Hajulikani huko katikati wanafanya kazi saa ngapi.

Shobhana alikuja, akakaa nyuma na mwavuli wake. Kijakazi alikaa mbele kabisa na lile furushi. Mangi alisimama karibu na barabara, tayari kuondoka. Elisaria hakuonekana. Asubuhi Agnesi alimwacha kitandani amegeukia ukutani, na hawakusemeshana.

Bwana wa ofisi akasema, "Nimearifiwa kuna tuhuma. Mama, jieleze kwa kifupi."

Agnesi alisimama. Hakuvaa kizibao, alikishika.

"Huyu dada wa Kilwa anasema kweli," akasema. "Kanga zake ziliongezwa bei. Wateja wote niliompelekea Mangi waliongezewa. Nilimwambia asiongeze, akadhani natania. Sikuchukua mkononi mwangu. Lakini pesa ilifika nyumbani kwangu."

Kelele ikapanda. Isidori aliinua mikono kuwatuliza, uso umejaa huzuni ya kukodi.

"Ilifikaje?" bwana wa ofisi akauliza. "Nani aliipokea?"

Agnesi alifungua mdomo, na kabla hajatoa neno, sauti ikatoka nyuma ya turubai.

"Mimi."

Elisaria alikuwa amevaa lile shati la Ijumaa, halijapigwa pasi. Alipita katikati ya viti akiomba samahani kwa kila goti aliloligusa. Jamaa wawili wa kijiweni walikuwa pale. Mmoja akapiga mluzi mdogo. Elisaria alifika mbele, akasimama hatua kadhaa kutoka kwa mkewe, si karibu, si mbali.

"Mimi ndiye niliyekuwa nachukua. Yeye alikuwa hajui. Nimekula, nimelipa ada ya mtoto. Sina ya kurudisha leo." Alimgeukia Kijakazi. "Nitakuja Kilwa na wewe. Niwaambie hao wenzako kwa mdomo wangu. Nauli nitaitafuta."

Kijakazi alimpima kwa macho kutoka kichwani hadi viatuni. "Utakuja kweli, au ndiyo njoo kesho ya Dar?"

"Nitakuja."

"Tutaona."

Agnesi hakumtazama mumewe. Wapo waliosema baadaye kwamba walipanga usiku kucha, mume ajitwishe ili mke asafike, na kwamba ule ukimya wa asubuhi ulikuwa maigizo. Labda. Agnesi mwenyewe alikuwa anajiuliza kama mumewe amekuja kumwokoa yeye au kumuwahi asimtaje. Aliweka kizibao kwenye meza, mbele ya ile chupa ya maji.

"Siwezi kuongoza," akasema. "Chagueni mwingine miongoni mwa hawa. Lakini msiwaweke chini ya mtu. Kosa ni la nyumba yangu."

Bwana wa ofisi alitazama saa. "Basi limeisha. Kuna doa, limekubaliwa na wahusika. Kwa utaratibu, kikundi kitaingia chini ya chama kilichopo. Mwenyekiti Isidori, utawapokea."

"Nitawapokea kwa mikono miwili," akasema Isidori, akaanza kupiga makofi. Waliomfuata walikuwa wachache.

"Bado," akasema Kijakazi.

Alikuwa amesimama. Furushi aliliacha kitini. Akamsukuma Agnesi kidogo pembeni, bila ubaya, kama mtu anavyosogeza pazia, akawatazama wale wanawake wa vizibao vya chungwa, mmoja mmoja.

"Mimi mgeni, labda sijaelewa. Mangi anaongeza hata akiambiwa asiongeze. Mangi peke yake? Hapa kuna maduka mangapi?"

Mangi, pale karibu na barabara, alitazama chini. Shobhana, nyuma kabisa, alifunga mwavuli wake.

"Wewe," Kijakazi akamwonyesha Leticia, "unapeleka watu duka gani?"

"Mtaa wa Aggrey," Leticia akasema. "Lakini mimi nilimkataza yule mwenye duka. Aliniapia."

"Na wewe?"

"Wa kwangu naye aliniapia," akasema Vicky. Pete ilikuwa imesimama kidoleni.

Bwana wa ofisi alishika kizibo cha chupa, akakifungua, akakifunga. Isidori alikuwa ameacha makofi. Simu ilikuwa mkononi mwake, haikuita, lakini aliitazama kama imeita, akaanza kusogea upande wa barabara. Elisaria alimwona anavyosogea, akageuka kumfuata kwa macho, na wanawake nao, mmoja baada ya mwingine, wakageuka.

"Hii ya Mama Jack imeshajulikana ilikokwenda," akasema Kijakazi. "Za kwenu nyie, zilikuwa zinapokelewa na nani?"